Vita vya mbali, bili ya nyumbani: kusaidia nchi ya mbali kunalipa?

UZI. Kaa chini, ni mrefu kidogo.

1/ Kila vita vikianza huko mbali, mjadala huwa ule ule. Mmoja anasema, "Sisi wenyewe hatujashiba, tunapeleka pesa nje za nini?" Mwingine anajibu, "Ukimwacha mwonevu ampige mwenzako leo, kesho atabisha kwako." Wote wawili wanapigiwa makofi, halafu watu wanaenda nyumbani bila jibu. Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama. Tunaangalia tu nchi zilizowahi kusaidia vita vya wenzao: zilitoa nini, zilipata nini, na nani hasa alilipa.

2/ Tuanze na Ufaransa. Mwaka 1763 Ufaransa ilitoka Vita vya Miaka Saba ikiwa imepigwa vibaya na Uingereza na kunyang'anywa Kanada. Kwa hivyo makoloni 13 ya Uingereza kule Marekani yalipojitangazia uhuru mwaka 1776, wakubwa wa Paris waliona nafasi ya kulipiza kisasi. Usidanganyike kwamba ilikuwa mapenzi ya demokrasia. Mfalme Louis XVI mwenyewe alitawala bila bunge la kuchaguliwa.

3/ Msaada ulianza kwa siri. Mfalme akatoa livre milioni 1, Hispania nayo ikatoa milioni 1, na pesa zikapitishwa kwenye kampuni ya kuficha macho. Aliyeiendesha hakuwa jenerali wala mfanyabiashara mkubwa. Alikuwa mwandishi wa tamthilia, Beaumarchais, yule yule wa Le Barbier de Séville. Kupitia kwake bunduki, mizinga, baruti na nguo za askari zikavuka bahari huku Ufaransa ikiapa kwamba haijui lolote.

4/ Oktoba 1777 Wamarekani wakashinda pale Saratoga. Februari 1778 Ufaransa ikatoka mafichoni, ikatia sahihi mkataba wa ushirika na kuingia vitani wazi. Mwaka 1780 Rochambeau akatua Rhode Island na askari zaidi ya 5,000. Septemba 1781 manowari za de Grasse zikafunga njia ya bahari, na tarehe 19 Oktoba jeshi la Uingereza likasalimu amri Yorktown. Tuseme ukweli: bila Ufaransa, ushindi wa Yorktown haungekuwepo. Msaada ulifanya kazi yake.

5/ Sasa bili. Vita hivyo viliigharimu Ufaransa zaidi ya livre bilioni 1. Waziri mmoja wa fedha alikuwa ameonya mapema kwamba hazina haiwezi kubeba mzigo huo. Mei 1776 alifutwa baada ya kugombana na wakubwa kuhusu mageuzi yake, na onyo lake likaenda naye. Aliyekuja kushika hazina baadaye alikuwa mtu wa benki, na alijua jambo moja vizuri sana: kukopa.

6/ Hapa ndipo Mkenya anafaa kusikiliza kwa makini. Vita viliendeshwa kwa mikopo badala ya kodi kubwa mpya, kwa hivyo mwananchi hakuhisi uchungu mara moja. Mwaka 1781 huyo mkuu wa hazina akachapisha kitabu cha hesabu za serikali, kitu ambacho Wafaransa hawakuwa wamezoea kuona. Kilinunuliwa kama mkate moto. Kilionyesha kwamba serikali ina ziada ya livre milioni 10. Ziada! Katikati ya vita! Siri ilikuwa rahisi: gharama za vita ziliitwa matumizi yasiyo ya kawaida, zikawekwa kando, hazikuingia kwenye hesabu.

7/ Mwaka 1783 amani ikaja. Mwaka 1788 karibu nusu ya matumizi yote ya serikali ilikuwa inaenda kulipa deni. Na nani angelipa? Makabaila na makasisi walikuwa na misamaha ya kodi chungu nzima. Mzigo ulikuwa kwa mkulima na fundi. Mwaka huo huo mavuno yakaharibika, bei ya mkate ikapanda. Agosti 1788 serikali ikasimamisha baadhi ya malipo yake. Mei 1789 mfalme akalazimika kuita baraza la taifa ambalo halikuwa limekutana tangu 1614, ili limtafutie pesa. Mengine unayajua. Januari 1793 alikatwa kichwa.

8/ Tusivuke mpaka hapa. Si vita vya Marekani peke yake vilivyoleta mapinduzi. Mfumo wa kodi ulikuwa umeoza miaka mingi, na Ufaransa ilishakuwa na deni la vita vya awali. Lakini vita hivyo ndivyo vilivyoongeza mzigo kwenye punda ambaye tayari alikuwa anayumba.

9/ Na shukrani je? Ufaransa ilitarajia kwamba biashara ya Marekani ingehamia kwake. Haikuhama. Amani ilipokuja, Wamarekani walirudi kununua bidhaa za Uingereza, kwa sababu walizijua na walipewa kwa mkopo. Mwaka 1793 Ufaransa ilipoingia tena vitani na Uingereza, Marekani ikatangaza kutofungamana na upande wowote. Mwaka uliofuata ikatia sahihi mkataba na Uingereza. Kufikia 1798 meli za Marekani na za Ufaransa zilikuwa zinapigana baharini. Ukisikia mtu anasema "tukiwasaidia hawatatusahau", mkumbushe hiyo miaka 20.

10/ Je, ina maana kusaidia ni ujinga? La. Ruka hadi mwisho wa 1940. Uingereza inapigwa mabomu na Ujerumani, na dola za kununulia silaha zinaisha. Wamarekani wengi hawataki vita. Wamechoka na mdororo wa uchumi, na wanakumbuka kwamba madeni mengi ya vita vya kwanza hayakulipwa. Hoja yao ilikuwa ile ile unayoisikia leo: shida zetu kwanza.

11/ Tofauti ni jinsi jambo lilivyofanywa. Januari 1941 mswada wa kukopesha na kukodisha silaha ukapelekwa bungeni, ukipewa namba 1776. Ulijadiliwa miezi miwili, wapinzani wakausema hadharani. Bunge la chini likapiga kura 260 kwa 165, Seneti 60 kwa 31. Machi 1941 ukawa sheria. Kufikia mwisho wa vita, msaada wa thamani ya dola karibu bilioni 50 ulikuwa umetoka, sehemu kubwa kwa Uingereza na karibu bilioni 11 kwa Umoja wa Kisovieti.

12/ Pesa hizo nyingi hazikuvuka bahari. Zilibaki kwenye viwanda vya Marekani, zikalipa mishahara ya Wamarekani, na kilichovuka ni malori, ndege na chakula. Marekani yenyewe ilipoingia vitani Desemba 1941, bili ikagawanywa kwa upana: walipaji wa kodi ya mapato waliongezeka kutoka karibu milioni 4 kabla ya vita hadi zaidi ya milioni 40, na kiwango cha juu kwa matajiri kikafika asilimia 94. Hakuna tabaka lililoachwa likitazama tu.

13/ Na Marekani haikuwa malaika. Septemba 1940 ilikuwa imeipa Uingereza manowari 50 kuukuu, ikachukua haki ya kuweka kambi kwa miaka 99 katika visiwa vya Karibi na Newfoundland. Baada ya vita, mwaka 1946, ikaikopesha Uingereza dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2. Uingereza ilimaliza kulipa mwisho wa 2006. Ndio, 2006. Anayepokea msaada naye huwa na bili yake.

14/ Turudi karibu na nyumbani. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliweka makao ya Kamati ya Ukombozi Dar es Salaam. Wapiganaji wa kusini mwa Afrika walipewa kambi Kongwa na Nachingwea, na baadaye wakimbizi wa Afrika Kusini wakajengewa shule Mazimbu, Morogoro. Tanzania ilikuwa nchi changa na maskini. Desemba 1965 ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Wananchi wa mpaka wa Ruvuma waliishi jirani na vita kwa miaka kumi.

15/ Ililipa? Kwa shilingi, hapana. Lakini Msumbiji ikapata uhuru 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na Afrika Kusini ikapiga kura ya wote 1994. Mpaka wa kusini wa Tanzania haukuwa tena na jeshi la mkoloni. Kuna kasoro ya kukubali pia: ilikuwa nchi ya chama kimoja, hakuna aliyeweza kusimama bungeni na kupinga kama kule Washington. Lakini walau sababu ilisemwa wazi kila siku, redioni na mikutanoni. Hakuna aliyedanganywa kwamba itarudisha faida.

16/ Na sisi Kenya? Babu zetu walilipia vita vya mbali bila kuulizwa. 1914 hadi 1918 Uingereza na Ujerumani walipigana Afrika Mashariki, na mizigo ikabebwa vichwani. Jina Kariakor, Nairobi, limebaki kutoka kwa jeshi hilo la wapagazi, sawa na Kariakoo ya Dar. Hesabu rasmi ya wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa ilizidi 40,000. Makadirio ya wanahistoria yanakaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi, waliuawa na malaria, kuhara na njaa.

17/ Vita vikaisha. Mwaka 1919 ardhi ikagawiwa, lakini kwa wanajeshi wazungu. Mwafrika akaongezewa kodi na kuvalishwa kipande. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikufikia familia zao. Ndio sababu Mkenya akisikia "vita vya wengine" mwili unamsisimka. Hiyo si roho mbaya, ni kumbukumbu.

18/ Karibuni tumeliona swali lenyewe. Oktoba 2023 Baraza la Usalama likaidhinisha kikosi cha kusaidia Haiti, Kenya ikiongoza. Haiti si vita vya nchi na nchi, lakini hoja zilikuwa zile zile. Januari 2024 Mahakama Kuu ilisema polisi hawawezi kupelekwa bila makubaliano halali ya nchi mbili. Makubaliano yakatiwa sahihi Machi. Kundi la kwanza likatua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile vijana walipoingia Bunge letu kwa sababu ya mswada wa fedha. Huwezi kupata picha iliyo wazi zaidi ya maswali mawili kugongana: tunasaidia nani, na nani analipa?

19/ Kwa hivyo mtu akikuambia "kusaidia ni hasara siku zote", mtajie 1941. Akikuambia "kusaidia ni uwekezaji", mtajie 1789. Halafu muulize haya manne:
a) Gharama yote iko kwenye bajeti, au nyingine imefichwa kando kama ile ya 1781?
b) Inalipwa kwa kodi ya leo au kwa deni la watoto? Na wenye nacho wanachangia?
c) Bunge limejadili, na anayepinga amesikizwa?
d) Lengo ni lipi, na tutajuaje kwamba limefikiwa?

20/ Mimi naona hivi: Ufaransa haikuangushwa na ukarimu. Iliangushwa na vitabu vya hesabu vya uongo pamoja na kodi ya upande mmoja. Nchi maskini inaweza kusaidia nyingine na isijute, Tanzania ilifanya hivyo. Lakini haiwezi kufanya hivyo gizani. Msimu wa kampeni ukifika na mgombea akaja na msimamo wowote kuhusu vita vya mbali, usimwulize kwanza yuko upande gani. Mwulize swali (a). Ukiona anahamia kwenye matusi, ushapata jibu.

Mwisho wa uzi. Ukipinga, pinga kwa hoja hapo chini, tutajibizana.