Solfa, Kaseti, Kipanya

Chombo cha kwanza cha kufundishia muziki katika shule zetu kilibuniwa na mwanamke wa Norwich, Uingereza. Sarah Glover alikuwa binti wa kasisi, na kilichomkera ni zaburi kuimbwa ovyo kanisani. Aliona kwamba nota za mistari mitano humchosha mtoto kabla hajafungua kinywa, basi akaandika sauti kwa herufi. Mwaka 1835 akatoa kitabu cha kuueleza mpango wake. Majina ya sauti aliyakuta. Asili yake ni mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, aliyefundisha waimbaji katika karne ya 11. Glover aliyakata hadi herufi mojamoja, na kwa kuwa so na si zilianza kwa herufi ileile, si akaibadilisha ikaanza kwa t. Leo mwanafunzi wa sekondari kutoka Shinyalu au Khayega, ambaye jina la Glover hajawahi kulisikia, huandika d r m f s l t bila kusita. Hiyo ndiyo solfa.

Nafundisha muziki katika shule ya sekondari Kaunti ya Kakamega, na siku hizi sehemu ya kazi yangu ni kuketi jioni mbele ya kompyuta nikipima vifaa vya mtandaoni: kipi kitafaa darasani, kipi kitanilia bando bure. Kadiri ninavyovipima ndivyo ninavyozidi kuirudia solfa, kwa sababu maswali ninayoviuliza ni yaleyale iliyoulizwa yenyewe zamani. Kukisambaza kunagharimu nini? Na kinaacha nini nje?

Swali la gharama solfa ililijibu vizuri mno. Mwaka 1841, katika mkutano wa walimu wa shule za Jumapili mjini Hull, mchungaji kijana John Curwen alipewa kazi ya kutafuta njia nyepesi ya kufundisha watoto kuimba. Muziki hakuusomea. Akauchukua mpango wa Glover, akaurekebisha bila kumwomba mwenyewe ruhusa, kisha akaupigia debe maisha yake yote. Kufikia 1853 palikuwa na chama cha solfa, na 1863 Curwen alikuwa na mtambo wake mwenyewe wa kuchapa. Hapo kwenye mtambo ndipo penye siri. Nota za mistari zilihitaji fundi maalumu na vyuma maalumu. Solfa ilihitaji herufi za kawaida, nukta, mkato na kistari, vitu ambavyo kila mchapaji alikuwa navyo tayari. Mstari kama huu:

| d :r | m :– | s .l :s |

humwambia mwimbaji karibu kila kitu. Baada ya mstari wima linakuja pigo zito, nukta mbili zinaleta jepesi, kistari kinavuta sauti, nukta moja inaligawa pigo katikati. Juu ya ukurasa mwalimu huandika doh ni ipi, na wimbo unaanza.

Shule za misheni zilipofunguliwa huku kwetu, kama Maseno ya CMS mwaka 1906, chombo cha namna hiyo kilikuwa na nafasi kuliko kinanda. Kinanda hudai fundi. Solfa hudai chaki. Kusini mwa Afrika matunda yake yalikuwa yameshaonekana. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 na kuuandika kwa solfa, kama alivyoandika nyimbo nyingine za wanafunzi wake. Mtanzania anayesimama kuimba wimbo wa taifa anaimba sauti alizozipanga mwalimu yule kwa herufi za Glover.

Mwalimu wa kwaya aliyenifundisha alikuwa na taipureta. Alipiga nyimbo kwenye karatasi ya stensili, sauti ya kwanza juu, ya nne chini, akihesabu nafasi kwa kidole ili mapigo yasimame wima yakiangaliana. Kisha aliizungusha kwenye mashine ya saiklostaili ya ofisini, wino ukamchafua hadi kiwiko, na kwaya nzima ikapata nakala kabla ya chakula cha mchana. Taipureta kama yake isingeweza kuandika nota za mistari. Baadaye niliposomea ualimu nilikuta solfa inadharauliwa, inaitwa ngazi ya watoto ambayo msomi huipanda akaiacha. Mimi sijaiacha, wala sioni aliyeiacha kati ya wanaofundisha kwaya zinazoshinda.

Mashindano yenyewe ni ya zamani. Kenya Music Festival ilianza 1927, na kwa miaka mingi sifa ilikuwa ya kuimba kama Mwingereza. Aliyejitahidi kugeuza upepo, ingawa naye alikuwa Mwingereza, ni Graham Hyslop, afisa wa muziki wa serikali, ambaye mwaka 1964 alitoa kitabu cha mwongozo kwa walimu na viongozi wa kwaya. Alikuwa pia katika jopo la watu watano, pamoja na Washington Omondi, Peter Kibukosya na wengine, lililoandaa wimbo wa taifa wa Kenya kutokana na bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana. Omondi ndiye aliyekuja kuongoza tume ya rais kuhusu muziki iliyotoa ripoti yake 1984. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia 1985, muziki ukapata nafasi hata shule za msingi, na kila mahali ikasikika filimbi ya plastiki, ile rikoda, ikipigwa na watoto hamsini kwa pamoja. Nitasema machache kuhusu rikoda. Ni rahisi, haivunjiki, na masikio yangu hayajaisamehe.

Kaseti ndiyo iliyonifunza kuwa makini na mashine. Zoezi la kusikiliza lilitegemea redio ya kaseti ya shule, na redio ilitegemea betri. Betri zikichoka, utepe hujikokota, na wimbo ulioanza katika G unaishia karibu na F. Mwanafunzi mwenye sikio zuri alipata tabu kuliko asiyesikia kitu, kwa maana alijua kwamba kinachosikika sicho kilichoandikwa. Tulizianika betri juani dirishani ili zipate nguvu kidogo, tukaombea wingu lisipite.

Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipita angani kwenye setilaiti, ghali na ya kujikokota. Mambo ya muziki yalikuwa yakitusubiri upande wa pili: maktaba ya IMSLP iliyoanza 2006 kuweka bure nota za watunzi wa kale, Noteflight ya 2008 inayoandikiwa nota ndani ya kivinjari, na MuseScore, programu ya bure ambayo leo ndiyo ninayoitumia kila wiki. Nilichogundua mapema ni kwamba nyingi ya programu hizi ziliundwa na watu waliokulia kwenye mistari mitano. Ninapotaka kuiandikia kwaya, naweka nota kwanza, halafu naipachika solfa chini yake mahali pa maneno ya wimbo. Mapigo hayakai sawa kama yalivyokaa kwenye stensili. Watanzania wametuzidi akili hapo: kwenye tovuti ya Swahili Music Notes kuna maelfu ya nyimbo za kwaya, nyingi za Kikatoliki, na kiongozi wa kwaya ya kigango hupakua ukurasa kwenye simu asubuhi ya mazoezi. Tena ukurasa mmoja unatosha. Ukishafika kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, umeshafika kwa wote.

Lakini karatasi ya stensili ilidumu, na vitu vya mtandaoni hufa bila kuaga. Finale, programu ya nota iliyotoka 1988, ilitangaziwa mwisho wake Agosti 2024, na waliohifadhi kazi za maisha yao humo wakaanza kuhangaika kuzihamisha. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia British Library, na rekodi za sauti zilizokuwa zikisikilizwa bure, zikiwemo alizozikusanya Klaus Wachsmann nchini Uganda, zikawa hazifikiki. Za Hugh Tracey, mkusanyaji mwingine wa nyimbo, bado zinasikika. Mwaka 1950 alifika Kapkatet na mitambo yake, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba habari za Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyekuwa wamemsikia kwenye santuri. Mimi huicheza rekodi hiyo kila mara darasa linaposema kwamba teknolojia imeanza juzi. Sasa nimeshika tabia ya kuweka nakala kwenye diski, na ile ninayoipenda kupita kiasi naiandika kwa solfa kwenye daftari.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kuanzia Machi, nilipata jibu la swali moja ambalo nisingeliuliza. Je, kwaya inaweza kuimba kwenye video ya pamoja? Haiwezi. Sauti huchelewa njiani sehemu ndogo ya sekunde. Kwa mazungumzo haina madhara, kwa kuimba ni balaa, kila mtu humngoja mwenzake mpaka wimbo unalala. Kwa hiyo kila mwanafunzi alijirekodi peke yake kwenye simu, akisikiliza sauti yangu kwa spika moja ya masikio, na kabla ya kuanza alipiga kofi moja. Nikazipanga rekodi kwenye Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000, nikiyasogeza makofi yote yaangaliane kama mwalimu wangu alivyopanga nukta zake. Besi mmoja alirekodi jogoo pamoja na sauti yake. Jogoo hakupatana na doh.

Swali la pili, la kile kinachoachwa nje, ndilo linaloniwekea kazi. Solfa ina ngazi saba na viraka vichache kati yake. Shiriri, fidla ya uzi mmoja ya huku Magharibi, ile ambayo Wajaluo huiita orutu, haipandi ngazi, kidole hutelezeshwa. Mwanafunzi akiniandikia wimbo wa shiriri kwa solfa ananiandikia vituo bila safari. Nota za mistari haziokoi sana. Kinachookoa kidogo ni Chrome Music Lab, vifaa ambavyo Google iliviweka mtandaoni bure mwaka 2016, visivyodai mtu ajisajili. Kimoja kinaonyesha sauti kama picha inayokimbia kwenye kioo kadiri maikrofoni inavyosikia. Nilimwita kijana anayepiga shiriri aketi mbele yake. Mistari ikapinda. Darasa zima likaona kwa macho sauti ikipanda bila kukanyaga ngazi, halafu ikitetemeka ilipofika juu. Wakaomba aje mpigaji wa rikoda. Mistari ikasimama ngazi kwa ngazi, imenyooka, na kicheko kikawa kikubwa kuliko kilivyostahili.

Kifaa kingine cha humo ni Song Maker, kilichoongezwa baadaye. Ni gridi: unabonyeza mraba, unapata sauti, kila sauti na rangi yake. Kwa kawaida hufunguka na pigo lililogawanywa mara mbili, na ukikiacha hivyo, nyimbo zote za darasa zitatoka zikifanana na tangazo la biashara. Ndani ya mipangilio, hata hivyo, pigo linaweza kugawanywa mara tatu, na ngazi ikawekwa ya sauti tano. Hapo nikawaambia darasa tujaribu isukuti.

Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, na tangu 2014 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma. Sehemu ya midundo ya Song Maker ina safu mbili. Mbili tu. Darasa liligawanyika papo hapo. Wengine walitaka kuiacha ngoma ya kati, wakidai ndogo na kubwa ndizo zinazosikika kutoka mbali. Msichana kutoka Idakho alisimama akasema kwamba kijijini kwao ukiiondoa yoyote, wachezaji watasimama. Mjadala ulikula nusu ya kipindi, na sikuukatiza, kwa sababu katika miaka yangu yote ya ubao na chaki hawakuwahi kugombana juu ya kazi ya ngoma ya kati.

Waliamua kompyuta ipige kubwa na ndogo, na ya kati ipigwe juu ya dawati. Ikaenda vizuri mpaka mwimbaji alipoanza kuongeza kasi, kama inavyopasa, na kompyuta ikabaki palepale kwenye 120, haina habari. Tulisimama, tukaanza upya, tukasimama tena. Sasa mwanafunzi mmoja huketi na kipanya, akimtazama mwimbaji usoni, na kazi yake ni kuisogeza kasi, 124, 130, 138. Wakati wa kugawa zamu tunamhesabu pamoja na wapiga ngoma.