Trekta dogo lenye kijiko cha mbele: soma hii kabla hujalipa, wewe wa Kasulu na Kibondo

Ukizunguka Kasulu au Kibondo utaona kazi za trekta ziko kila kona, na nyingi wala si za kulima. Kuna samadi ya kupeleka migombani, mchanga na tofali za kujengea, mihogo na mahindi ya kutoa shambani, na ile njia ya kuingia nyumbani ambayo kila masika inachimbwa na maji. Kwa kazi za namna hii watu wanaanza kuulizia trekta dogo, la hp 25 hadi 50, lenye kijiko cha mbele. Mafundi wengine wanakiita loda.

Ni mashine nzuri. Pia inaweza kukuingiza kwenye deni usilolimaliza, au kukulalia kwenye mteremko. Twende taratibu.

Pesa itatoka kwenye kazi gani?

Kama hesabu yako yote ni kulimia watu kwa ekari, achana na trekta la kijiko. Plau la sahani tatu, lile tulilozoea kuliona nyuma ya Massey Ferguson 375 au 385, linataka trekta la hp 65 kwenda juu. Trekta la hp 35 litavuta sahani moja, mbili kwa shida ukikutana na udongo mwekundu mzito. Kwenye pori jipya lenye visiki litateseka bure, na wewe utateseka nalo.

Chini yake kuna pawatila, za hp 12 hadi 16. Zilisambazwa sana nchini wakati wa Kilimo Kwanza, kuanzia 2009. Kwenye majaruba ya mpunga bondeni zinafaa. Kwenye ardhi kavu na miteremko, sehemu nyingi ziliishia kuvuta tela tu.

Trekta dogo la kijiko linamfaa mtu mwenye kazi nyingi za aina tofauti mwaka mzima: mwenye migomba na kahawa na ng'ombe hapohapo, shule au hospitali yenye eneo kubwa, mtu wa mchanga na tofali. Mvua za huku huanza Oktoba au Novemba na kwenda mpaka Mei, kwa hiyo kulima ni kazi ya wiki chache. Kijiko na tela ndivyo vitakavyokulisha miezi mingine.

Kilo ngapi, na zimepimwa wapi?

Hapa ndipo wengi wanachemka. Muuzaji anakwambia "kijiko hiki kinabeba kilo 600". Muulize: kikiwa juu kabisa au kikiwa karibu na ardhi? Na wamepimia wapi? Kuna kipimo cha kwenye pini, pale kijiko kinaposhikana na mikono, na kuna kipimo cha mbele zaidi, katikati ya mzigo wenyewe. Cha kwanza kinapendeza kwenye karatasi. Cha pili ndicho utakachoishi nacho, na huwa kidogo zaidi.

Sasa piga hesabu. Mchanga mkavu una kama kilo 1,600 kwa mita moja ya ujazo, na ukilowa unakaribia 2,000. Kijiko cha lita 300 kikijaa mchanga wa mtoni uliolowa ni kilo 600 hivi, bila kuhesabu chuma cha kijiko chenyewe. Samadi ni nyepesi kuliko hapo, mara nyingi chini ya nusu. Kwa hiyo mwenye ng'ombe anaweza kuchukua kijiko kipana, ila mtu wa mchanga achukue chembamba hata kama kinaonekana kidogo. Kijiko kikubwa kwenye trekta dogo ni mtego, maana dereva atakijaza tu.

Uzito huo wa mbele una tabia moja mbaya: unanyanyua nyuma. Kijiko kikijaa, magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, na kwenye matrekta mengi madogo breki ziko nyuma tu. Ukishuka mlima hivyo unakanyaga breki, matairi ya nyuma yanasimama lakini trekta linaendelea kuteleza. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, habari yako imeisha.

Dawa yake ni uzito wa nyuma, na si lazima ununue ule wa kiwandani. Kwanza, jaza maji kwenye matairi ya nyuma, kama robo tatu ya tairi. Nchi za baridi wanachanganya chumvi au dawa ili yasigande, huku kwetu maji matupu yanatosha, bora tairi liwe na tyubu ili rimu isioze kwa kutu. Tairi la ukubwa wa 12.4-28 linaingiza lita 150 hivi, maana yake kilo 150 kila upande. Pili, mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee pipa la zege la kufunga kwenye mikono mitatu ya nyuma. Pipa la lita 200 likijaa zege linakaribia kilo 480. Angalia kwanza kama hidroliki ya nyuma inanyanyua kiasi hicho, kama hainyanyui jaza nusu.

Mteremko hauna mazoea

Kwa nyanda hizi za juu, chukua trekta linalovuta magurudumu yote manne. Hapa usibane pesa. Unaposhuka, liweke kwenye magurudumu manne ili na ya mbele yasaidie kuzuia. Kijiko kikae chini, usawa wa goti au pungufu. Ukiwa na mzigo mbele, upande mzito ndio uangalie juu ya mlima: panda ukitanguliza kijiko, shuka kwa rivasi. Wengi wanaona ni usumbufu. Kukata mteremko kwa ubavu huku kijiko kimenyanyuliwa ndiko kunakopindua matrekta.

Halafu lile pao la chuma nyuma ya kiti. Si la kufungia bendera. Ni fremu ya kumlinda dereva trekta likipinduka, na inafanya kazi pamoja na mkanda. Wenye migomba mnapenda kuilaza ili isikamate majani. Sawa, lakini ikiwa imelazwa usifunge mkanda, kwa sababu trekta likipinduka mkanda utakubana chini yake. Ikisimama, funga. Trekta lisilo na fremu kabisa, mimi kwa milima ya Kasulu nisingelinunua hata kwa bei ya kutupa. Na watoto wasipandishwe kwenye kijiko, hata kwa mita kumi.

La zamani au jipya?

Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa 1964, bado linaheshimika kila mahali, na fundi wa kulifungua hakosekani. Ila liliundwa kwa kazi ya nyuma. Ukilifunga kijiko, ekseli ya mbele inabeba mzigo ambao haikupangiwa: bushi na kingpini zinakwisha haraka, na usukani usio na hidroliki utakutoa mabega. Kama unalo tayari, litumie kwa plau na tela.

Kuna matrekta madogo yaliyotumika Japani, Kubota, Yanmar na Iseki za hp 15 hadi 30. Injini zake ngumu, dizeli halinywi sana. Shida ni kwamba modeli nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani pekee, maandishi yote ni ya Kijapani, na spea zake hazifanani na za modeli zilizouzwa nje. Mengi yanakuja na rotaveta bila kijiko. Kufunga kijiko cha kuokoteza kwenye trekta lisilopangiwa ni kutafuta kupasua gia boksi.

Mapya yapo ya India, ya Japani na ya China. Sitakuchagulia rangi. Swali langu ni moja: pampu ya hidroliki ikifa Februari, inakuja lini? Kutoka Dar es Salaam mpaka Kasulu ni zaidi ya kilomita 1,000, na siku trekta limesimama mkopo hausimami. Kabla ya kulipa, mpigie muuzaji wa spea kama mteja wa kawaida. Ulizia filta ya hidroliki, sili za silinda za kijiko na sahani ya klachi ya modeli hiyohiyo. Akisema "tutaagiza", umeshajibiwa.

Hili si jambo jipya hapa nchini. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 Kongwa, ukafika mpaka Urambo hapo Tabora, uliingiza matrekta mengi yaliyotumika vitani. Yalikutana na udongo uliokauka kama saruji, spea hazikupatikana, na mradi ukafungwa 1951. Wao walikuwa na serikali nzima nyuma yao.

Waulize pia CAMARTEC kule Arusha, kituo cha serikali kinachopima zana za kilimo, kama modeli unayoitaka imewahi kupita mikononi mwao.

Ukienda kukagua lililotumika, fika asubuhi injini ikiwa baridi. Kama wameshaliwasha kabla hujafika, jiulize kwa nini. Jaza kijiko, kinyanyue usawa wa kifua, zima injini, kaa pembeni dakika tano. Kikishuka chenyewe, sili au valvu zimechoka. Chomoa kijiti cha oili ya hidroliki: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Pitisha mkono kwenye mikono ya kijiko utafute weldi mpya chini ya rangi mpya. Tikisa pini zote. Liweke magurudumu manne kwenye udongo laini uone kama ya mbele yanavuta kweli. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji.

Hesabu ya mkopo

Kuna Mfuko wa Pembejeo wa Taifa, kuna Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, kuna SACCOS yenu. Popote utakapokwenda, hesabu ni ileile. Chukua mfano huu, namba ni za kubuni, weka zako. Rejesho la mwezi 1,500,000. Trekta la hp 35 kwenye kazi nzito linakula lita 4 hadi 6 kwa saa, tuseme 15,000 ya dizeli. Dereva na akiba ya matengenezo 10,000. Wateja wanakulipa 45,000 kwa saa. Kinachobaki ni 20,000, kwa hiyo unahitaji saa 75 za kazi ya kulipwa kila mwezi ili kulipa rejesho tu, hata mwezi ule ambao barabara haipitiki na simu hailii. Kama huna saa hizo kwa uhakika, tafuta wenzako wawili mnunue pamoja, na mwandikishane mapema nani analipia tairi likipasuka na nani anatangulia msimu ukianza.

Likishafika nyumbani, oili ya kwanza ya injini hubadilishwa mapema, mara nyingi saa 50, kisha kila saa 200 au 250 kama kitabu chake kinavyosema. Pini za kijiko zipigwe grisi kila siku ya kazi. Kuanzia Juni mpaka Septemba, vumbi la huku linaziba filta ya hewa haraka kuliko kitabu kinavyodhani, ikague kila asubuhi. Dizeli ya kwenye pipa iache itulie usiku mzima kabla ya kuitia, na ile ya chini kabisa usiitie.

Grisi hiyo iingie kwenye mkataba wa dereva, kwa maandishi.