Klipu bora ya mwaka, na mji uliokuwa ukitazama tu

Tuzo ya klipu ya mwaka si ya kale. MTV ilianza kurusha video huko Marekani Agosti 1981, na mwaka 1984 ikatoa tuzo yake ya kwanza ya video ya mwaka. Ikabebwa na bendi ya The Cars. Kwetu Wakongomani, furaha ilikuja Desemba 2010 mjini Lagos, pale "Sexy Dance" ya Fally Ipupa wa Kinshasa ilipotangazwa video bora katika tuzo za MTV za Afrika.

Goma, mji wetu huku Kivu, ilikuwa ikitazama tu. Lakini hata kabla ya hapo, katika kituo cha Yole!Africa cha Petna Ndaliko Katondolo, vijana walikuwa wakijifunza kushika kamera na kuhariri, na tamasha la filamu la Salaam Kivu likawapa pa kuonyeshea. Mandhari ilikuwa ya bure: ziwa, baiskeli za mbao za chukudu zilizosheheni makaa, na lava nyeusi iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo Januari 2002, yenye ncha za kumaliza soli za viatu vya wachezaji kabla jua halijazama. Umeme ndio uliosumbua. Ukikatika kazi ikiwa nusu, mhariri alikaa kungoja jenereta.

Wenzetu wa Dar es Salaam walikuwa na tuzo za muziki za Kilimanjaro. Mwaka 2014 Diamond Platnumz alizoa saba, mojawapo ya video bora kwa "Number One", iliyopigwa Afrika Kusini. Video ilikuwa nzuri, sibishi. Ila tuzo za namna hii, popote zitolewapo, hupima mfuko sawasawa na jicho.

Kisha mwaka 2019 Diamond huyohuyo akaingia katika "Yope" ya Innoss'B, mzaliwa wa Goma wa mwaka 1997, aliyeanza kuimba na kaka zake katika Maisha Soul. Klipu ile imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Mtoto wa Goma amefika. Kamera za Goma bado.

Tena njia imezidi kuwa ngumu. Waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa. Wanaotoa tuzo Kinshasa kwa jina la taifa zima basi wapokee klipu zetu kwa intaneti, na katika jopo la waamuzi wamweke angalau mtu mmoja wa Kivu.