Mamlaka ya askari wa wanyamapori kupekua

Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, amri ya gavana Hermann von Wissmann ya mwaka 1896 iliwataka wawindaji wawe na leseni. Sharti la leseni lina maana pale tu mtu anapoweza kusimamishwa njiani na kuulizwa karatasi na nyara alizobeba. Waingereza walioshika utawala baadaye waliendeleza mkondo huo kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 1951, kisha kwa sheria ya hifadhi za taifa ya mwaka 1959.

Baada ya uhuru, Tanzania ilitunga Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na nafasi yake ikachukuliwa na ile ya mwaka 2009. Kifungu cha 106 cha sheria hiyo ya 2009 ndicho kinachosumbua wengi. Ofisa mwenye mamlaka, akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba kosa limetendwa au linakaribia kutendwa, anaweza kuingia kwenye hema, gari, chombo cha majini au ndege, kufungua mizigo na kuipekua, hata bila hati ya mahakama. Buti la gari la mtalii, basi, halina kinga. Nyumba ya kuishi ndiyo yenye ulinzi: bila hati, lazima awepo walau shahidi huru mmoja.

Mahakamani ubishi huhamia kwenye makaratasi. Meno ya tembo yakikamatwa, mawakili huuliza nani alisaini hati ya ukamataji mali, na vielelezo vilipita mikononi mwa nani hadi kufika mahakamani.