Habari za Zama za Kati na Mawe ya Engaruka

Sisi walimu wa huku Oldonyo Sambu tumeulizwa swali moja mara nyingi na wazazi, tena wazazi wenye busara. Hutuambia hivi: "Mwalimu, nimeuza ng'ombe wawili ili mwanangu aende chuo kikuu. Nilitumaini atajifunza uganga wa hospitali au ujenzi wa madaraja. Naye amenipasha habari kwamba anajifunza mambo ya watu waliokufa miaka 500 iliyopita. Je, wafu hao watanirudishia ng'ombe wangu?"

Swali hili si la upuuzi, na anayeuliza hastahili kuchekwa. Ng'ombe wawili si kitu kidogo. Basi tumeona vema kulijibu katika kurasa hizi, si kwa maneno matupu, bali kwa kueleza jinsi elimu hiyo inavyofanya kazi yake, na jinsi inavyotuhusu sisi tukaao chini ya mlima Meru.

Kwanza tuyaeleze majina. Wenye elimu wa Ulaya huziita "Zama za Kati" zile karne zilizopita tangu kuanguka kwa dola ya Rumi ya magharibi, mwaka 476, hata karne ya 15. Jina hili lilitokana na watu wa Italia waliopenda mno vitabu vya Warumi na Wayunani wa kale. Waliona kwamba kati ya wakale wale na wao wenyewe palikuwa na giza tu. Zama zao wenyewe zikaja kuitwa zama za Mwamko, yaani za kufufuka kwa elimu. Ndizo zama ambazo Gutenberg alichapa Biblia mjini Mainz, kiasi cha mwaka 1455. Columbus akavuka bahari mwaka 1492. Na Martin Luther akatoa hoja zake Wittenberg mwaka 1517. Lakini jua lililowaangaza wale ndilo lililowaangaza watu wa huku. Huku nako watu walilima, walijenga, waliabudu, walizaa na kuzika. Tofauti ni kwamba wale waliandika sana, na wengi wa huku hawakuandika. Je, asiyeandika hana historia? Hapo ndipo kazi ya chuo inapoanzia.

Ni vizuri kujua kwamba katika vyuo vya zamani vya Bologna, Paris na Oxford mwanafunzi hakuanza na elimu moja. Alipitia elimu saba: sarufi, ufasaha wa kusema, mantiki, hesabu, jiometri, elimu ya nyota, na muziki. Baada ya hizo ndipo alipoweza kuendelea na mambo ya dini, au sheria, au uganga. Baadaye elimu ziligawanyika, kila moja ikajifungia nyumbani mwake. Mwenye kusoma vitabu hakumjua mwenye kuchimba ardhi, wala mwenye kuchimba hakumjua mwenye kuchunguza mimea. Siku hizi vyuo vingi vimeona hasara ya jambo hili, na wanaojifunza zama zile huelekezwa kuzitazama kwa macho mengi pamoja. Wazee wetu walikwisha kusema: kidole kimoja hakivunji chawa.

Katika nchi yetu mwanzo wa kazi hii si wa jana. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na waalimu wake wa historia walithubutu kuyahesabu masimulizi ya wazee kuwa ushahidi, yakipimwa na kulinganishwa kama ushahidi mwingine wo wote. Profesa Isaria Kimambo alikwenda kwa wazee wa Upare, akasikiliza, akalinganisha, na mwaka 1969 kitabu chake juu ya utawala wa Wapare kilitolewa. Tangu mwaka 1985 elimu ya kuchimba mambo ya kale nayo imefundishwa chuoni hapo.

Tutoe mfano wa pwani, kisha tuje nyumbani. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika Moroko, alifika Kilwa. Akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake, na mji kwa uzuri wake. Kuna na tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, isemayo kwamba ukoo wa kwanza wa watawala ulitoka Shirazi katika Uajemi. Kwa muda mrefu wataalamu walishindana. Wengine waliishika tarihi neno kwa neno, wakasema miji ile ni kazi ya wageni tu. Wengine waliona lugha ya Kiswahili, ambayo shina lake ni la Kibantu pasipo shaka, nao wakasema habari za Shirazi ni hadithi ya kujitukuza. Wachimbaji wakafukua nyumba, misikiti, fedha za shaba na vyungu, wakaonyesha kwamba miji mingi ilikua kidogo kidogo kutoka vijiji vya wenyeji.

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania, kati ya mwaka 1250 na 1800. Katika mifupa huwamo alama za urithi ambazo mtu huzipata kwa baba na mama. Ilionekana kwamba wengi wa watu wale asili yao ya upande wa mama ilikuwa hasa ya Afrika, na kwamba sehemu kubwa ya asili yao ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika kwao kulianza kiasi cha mwaka 1000. Basi, tarihi haikusema uwongo, lakini haikusema yote: iliwataja baba, ikawasahau mama. Lugha nayo iliwakumbuka mama, maana mtoto hunena lugha ya yule amleaye. Kama kila mtaalamu angalibaki peke yake, tungalikuwa na ugomvi tu.

Sasa tugeuze nyuso zetu mahali ambapo jua huchwea. Mtu akitoka huku kwetu akaivuka milima ya Monduli na nyika iliyo ng'ambo yake, hufika chini ya ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Mto wa Mbu, katika njia iendayo Oldonyo Lengai. Mahali hapo ni Engaruka. Ni nchi kavu, yenye mvua haba, lakini vijito hushuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Chini ya ukuta ule pana magofu ya mawe yaliyopangwa pasipo chokaa wala udongo wa kuyashika. Mitelemkoni zimo alama za vijiji saba, kila nyumba imesimama juu ya kikao kilichosawazishwa kwa mawe. Bondeni zimo kuta fupi zisizohesabika, zimeigawanya nchi kuwa vishamba vingi, na mifereji imepita katikati yake. Mashamba hayo yalienea kiasi cha hekta 2,000.

Watu hao walikuwa nani? Hawakuacha hata herufi moja. Mdachi Gustav Fischer aliyaona magofu hayo mwaka 1883 akayatolea habari. Mwaka 1935 alikuja Bwana Louis Leakey. Alipoyaona mawe mengi kiasi kile alidhani huo ulikuwa mji mkubwa, akakisia kuwa wakaaji walikuwa kati ya 30,000 na 40,000. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi, lakini alikuwa na haraka, na alitazama kwa jicho moja. Baadaye Hamo Sassoon alichimba hapo mwaka 1964 na 1966, kisha akaja John Sutton, ambaye aliyachunguza mashamba yenyewe na njia za maji. Ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya mawe ya bondeni si nyumba wala makaburi, bali ni kazi ya wakulima: mipaka, matuta, mifereji na marundo ya mawe yaliyoondolewa shambani. Mji wa watu 40,000 ukatoweka, na mahali pake wakaonekana wakulima elfu chache wenye ustadi mkubwa.

Tazameni jinsi kila elimu ilivyoleta mchango wake. Mwenye elimu ya kemia alipima makaa ya mioto ya kale. Katika kila kitu kilichokuwa hai imo kaboni ya namna moja ambayo hupungua nusu kwa kila miaka 5,730 hivi baada ya kufa; kwa kupima iliyobaki hujulikana umri. Ndipo ilipofahamika kwamba mashamba ya Engaruka yalilimwa hasa tangu karne ya 15 hata ya 18. Maana yake, wakati Luther alipokuwa akibishana na wakubwa wa Ulaya, hapa palikuwa na watu wakigawana zamu za maji.

Mwenye elimu ya mimea alizitazama punje zilizoungua, akatambua mtama. Hapa tukumbuke kwamba mahindi asili yake ni Amerika, nayo yalivuka bahari baada ya safari ya Columbus. Sisi leo tunasema ugali wa mahindi ndicho chakula cha babu zetu, kumbe babu wa babu zetu hawakuujua. Mwenye elimu ya wanyama alitazama mifupa na mazizi ya mawe, na yaonekana kwamba ng'ombe walifungwa na kulishwa zizini, samadi ikapelekwa shambani, kama ilivyo desturi ya Wachaga katika migomba yao. Wengine walipanda hata ziwa lililo ndani ya shimo la mlima Empakaai, wakatoa matope ya chini yaliyolala tabaka juu ya tabaka, wakachunguza unga wa maua uliomo, wapate kujua miaka ya mvua na miaka ya ukame.

Lakini jambo lililotugusa sana sisi wa Oldonyo Sambu liliwatoka wachunguzi wa udongo. Katika miaka hii ya 2000 Daryl Stump na wenzake walikata mitaro ndani ya vishamba vile, wakaona kwamba udongo mwema ulio nyuma ya kuta haukuwapo hapo tangu mwanzo. Uliletwa na maji. Wakulima wale walijenga ukuta mfupi, wakaacha maji ya mfereji yapite polepole, yakatua udongo yaliyoubeba. Ulipojaa, wakaongeza mawe, ukajaa tena. Mashamba yao waliyaumba wenyewe, kwa mikono, mwaka baada ya mwaka, kwa kulinasa tope ambalo sisi tunaliacha liende zake.

Ndugu zetu, nani kati yetu hajaona korongo likila shamba lake? Mvua ya siku moja hunyesha mlimani, maji huteremka mekundu, na asubuhi ukingo umesogea karibu na mlango wa nyumba. Sisi husema, "Ni kazi ya Mungu." Watu wa Engaruka walikuwa na maji yale yale ya milima, wakayageuza kuwa shamba. Jambo hili lilikuwa limelala chini ya mawe karibu nasi, ila hapakuwa na wa kutuonyesha, mpaka walipokutana mtu wa vitabu, mtu wa sepetu, na mtu wa udongo.

Tusidanganyane, mwisho wa Engaruka ulikuwa wa huzuni. Katika karne ya 18 au karibu nayo mashamba yaliachwa. Wataalamu wengine husema maji ya vijito yalipungua; wengine husema ardhi ilichoka; wengine hutaja vita na wafugaji. Kuhusu uzao wao, wengine huwafananisha na Wairaki wa Mbulu, na wengine huwatazama Wasonjo, ambao hata leo hulima kwa mifereji upande wa kaskazini-magharibi. Hawajaafikiana. Na sababu ya kutoafikiana ni moja: wale waliohama hawakuacha aliyeandika, wala waliofika baadaye hawakuwauliza. Jina walilojiita wenyewe limepotea.

Hapo ndipo hofu yetu ilipo. Waarusha walianza kukaa katika mitelemko ya Meru kiasi cha miaka ya 1830, na Wameru walikuwapo kabla yao. Mifereji ya mlima huu ina majina, na waliochimba wana majina. Zamu za maji zina kanuni, na kanuni zina sababu. Yote hayo yamo vichwani mwa wazee wachache. Kila mzee tunayemzika huenda nayo. Sisi tunajua kuandika, nasi tukiyaacha yapotee hatutakuwa na udhuru waliokuwa nao watu wa Engaruka.

Kwa hiyo jibu letu kwa mzazi mwenye ng'ombe wawili ni hili. Mwanao hajifunzi wafu. Anajifunza namna ya kuwauliza, na wafu wana habari ya maji, ya udongo, ya njaa na ya shibe. Akirudi likizo usimcheke. Mpeleke kwa babu yake, umkalishe na daftari, aandike mfereji wenu ulichimbwa na nani, na kwa nini ulipita pale usipite pengine. Kisha mwende wote wawili mkalitazame korongo lenu, mwone kama mawe hayapo ya kutosha ukuta mmoja.