Siku ya Mzee wa Baraza: Posho, Genge na Mashauri ya Mauaji Dodoma

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, Mahakama Kuu ya Tanzania hailazimiki tena kusikiliza mashauri ya jinai ikiwa na wazee wa baraza, yaani raia wanaokaa na jaji na kumpa maoni yao. Jaji huwaita akiona haja. Watetezi wa mabadiliko hayo husema wazee walichelewesha mashauri na kusababisha hukumu kufutwa Mahakama ya Rufani. Kenya ilikwisha kuwaondoa mwaka 2007. Uganda bado inao.

Kuhusu hukumu zilizofutwa, lawama imeelekezwa kusiko. Mara nyingi dosari ilikuwa kwamba jaji hakuwafafanulia wazee ipasavyo mambo ya sheria, au aliwaacha wawadodose mashahidi kana kwamba ni mawakili. Mzee hapaswi kubeba kosa la aliyekuwa akiongoza kikao. Ucheleweshaji ndio unaohitaji kuchunguzwa, na hapo nadai kwamba kilichoitwa utoro wa wazee kilikuwa, kwa sehemu kubwa, tatizo la kipato.

Tuchukue mfano wa mama mwenye genge Chang'ombe, Dodoma mjini. Tuseme mtaji wake ni shilingi 40,000. Alfajiri anafuata nyanya na mchicha soko la Majengo, jioni anahesabu alichopata, na kesho yake fedha ileile inarudi sokoni. Akiitwa mahakamani siku tano, hasara yake haiishii kwenye faida ya siku tano. Nyanya za jana zinaoza, wateja wanahamia genge la jirani, na mtaji unaliwa nyumbani kwa sababu watoto lazima wale. Siku ya kikoba ikifika hana fedha ya hisa. Anayemkopesha haraka ni wa mikopo ya kausha damu, na rejesho lake halisubiri shahidi amalize kutoa ushahidi. Posho ya mahakama ikija mwezi unaofuata, itakuta deni limekwisha kuzaa. Ndiyo maana naona tarehe ya malipo ni muhimu kuliko hata kiwango chake, jambo ambalo wanaojadili posho hulipita haraka mno.

Kwa mkulima wa Bahi au Chamwino hali ni ngumu zaidi. Uwanda huu wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Kikao cha mauaji kikipangwa Februari, uwele na mtama vinadai palizi, na palizi iliyokosewa hairudiwi mwaka huo. Tena Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iliweka wajibu huu kwa wenye umri wa miaka 21 hadi 60, na asiyefika bila sababu ya msingi angeweza kutozwa faini. Mstaafu mwenye pensheni, ambaye siku zake zinamruhusu, ndiye aliyeachwa nje ya wajibu. Mtumishi wa umma alikaa barazani mshahara wake ukiendelea. Mwenye jembe alikaa kwa gharama yake mwenyewe.

Wazee wote wakikosekana, sheria ilitaka shauri lianze upya na wazee wengine. Mshtakiwa anarudi mahabusu, mashahidi wanaitwa tena, serikali inalipa nauli mara ya pili. Anayesema Hazina haina fedha za posho aweke na gharama hiyo kwenye hesabu.

Nitaulizwa: kwa nini kumlipa mtu ambaye maoni yake hayamfungi jaji? Kwa sababu jaji anayekwenda kinyume nayo alitakiwa kueleza sababu, na maelezo hayo ni kinga kwa mshtakiwa anayekabiliwa na adhabu ya kifo. Kuhusu namna ya kulipa, hata Marekani, yenye mahakama tajiri, huwalipa raia wanaokaa kwenye jopo la waamuzi (jury) dola 50 kwa siku katika mahakama za shirikisho. Kiasi kidogo huko, lakini kinahesabiwa kwa siku ya kuhudhuria.

Makao makuu ya Mahakama sasa yako hapahapa Dodoma, na karibu kila mama wa genge anapokea fedha kwa simu. Posho itumwe kabla mzee hajatoka getini, na vikao vya vijijini visipangwe wakati wa palizi. Hayo yakijaribiwa kwa misimu miwili na viti vya wazee vikaendelea kuwa vitupu, nitakubali kwamba waliotunga marekebisho ya 2022 waliona mbali kuliko mimi.