Chuchu ya mpira, makala na maji ya ziwa

Hapa tumezoea kuandika juu ya mikataba, vita na watawala. Leo naomba tushuke chini kidogo, tuongelee kitu chenye ukubwa wa kidole gumba: ile chuchu ya mpira yenye pete ambayo mtoto ananyonya bila kupata maziwa. Kwetu wengi wanaiita tu tetini. Inauzwa sokoni, imetundikwa kati ya sindano za kushonea na betri za redio, na wengi wetu tuliomaliza masomo majuzi tuko tayari na mtoto wa kwanza nyumbani. Kwa hiyo swali si la wamama peke yao.

Swali lenyewe ni rahisi: inasafishwa namna gani, na inawekwa wapi mtoto akishaitema? Muuguzi atakujibu haraka: chemsha, kausha, funika. Jibu ni zuri. Lakini mtu aliyesoma historia anauliza tena: jibu hili lilizaliwa katika jiko la nani? Lile jiko lilikuwa na maji gani, na moto wake ulilipwa na nani?

Kabla ya mpira, Ulaya ilitumia kitambaa. Walikifunga mkate au sukari ndani, wakakilowesha, wakamtia mtoto mdomoni. Mchoraji Albrecht Dürer alikichora mwaka 1506, katika picha ya Maria na Mtoto Yesu ambayo leo iko Berlin: Mtoto ana ndege mdogo mkononi upande mmoja, na upande wa pili ameshika kile kifuko cha kitambaa. Matajiri walikuwa na kitu kingine, kipande cha marijani chenye mshiko wa fedha na kengele ndogo. Wa maskini kilikuwa kitambaa tu, kinaanguka, kinafutwa kwenye nguo, kinarudi mdomoni. Mwenye kucheka aangalie kwanza kona ya kitenge inayofanya kazi hiyohiyo kwetu.

Mpira ulifika katika karne ya 19. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 namna ya kuupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwenye joto wala kupasuka kwenye baridi. Mwaka 1845 Elijah Pratt wa New York akapata hati ya chuchu ya mpira ya chupa. Halafu mwaka 1900 Christian Meinecke, Mmarekani pia, akasajili umbo tunalolijua sote: chuchu, ngao ya kuzuia isimezwe, na pete nyuma.

Mwaka 1900, Mkongomani anaposikia neno mpira, hawezi kupita tu. Ilikuwa enzi ya Léopold II, na mwaka uliofuata takriban tani 6,000 za mpira zilitoka katika Dola Huru ya Kongo, zimekusanywa kwa kiboko, kwa kuteka wanawake na kukata mikono, hasa kule Ekwateri na Kasai zaidi kuliko huku kwetu. Sisemi kwamba kila tetini ya New York au Paris ilitoka mikononi mwa mateka wa Kongo. Brazil nayo iliuza mpira mwingi, na sehemu kubwa ilienda kwenye magurudumu. Nasema tu kwamba vitu viwili hivi, faraja ya mtoto kule na kilio cha mtoto huku, viliingia katika soko moja miaka ileile. Sijaona kitabu cha malezi kinachotaja jambo hilo.

Sasa tuje kwenye usafi. Usidhani Wazungu walizaliwa wakijua kuchemsha. Isabella Beeton, mwandishi wa kitabu cha mambo ya nyumba kilichosomwa sana Uingereza tangu 1861, aliwaambia wamama kwamba chuchu ikishafungwa vizuri kwenye chupa haina haja ya kutolewa mpaka wakati wa kuibadilisha, yaani karibu wiki mbili hivi. Wiki mbili! Miaka hiyo tena ikaenea chupa yenye bomba refu la mpira: mtoto analala peke yake, bomba mdomoni, mama anaendelea na kazi. Ndani ya bomba brashi haifiki. Maziwa yakaoza humo, watoto wakafa kwa kuharisha, na chupa ikapewa jina la muuaji. Ufaransa iliipiga marufuku kwa sheria ya tarehe 6 Aprili 1910. Baadaye sheria ya Ufaransa ikadai pia kwamba tetini zote ziwe za mpira safi, na maneno hayo yaandikwe juu yake.

Kilichobadilika kati ya Beeton na 1910 ni elimu ya vijidudu. Pasteur na wenzake walionyesha kwamba kitu kinachoonekana safi kinaweza kubeba kifo, na mwaka 1886 Mjerumani Franz von Soxhlet alitoa chombo cha kuchemshia maziwa ya watoto ndani ya chupa zao. Lakini kuchemsha peke yake hakukutosha. Katika miji ileile yaliingia mabomba ya maji, mifereji ya maji machafu, gesi ya jikoni. Ushauri wa "chemsha kila siku" ulikuja pamoja na bomba na gesi. Sisi tuliletewa ushauri, bomba likabaki njiani.

Na hapa ndipo Kivu inaingia, kwa njia ambayo wengi hawaijui.

Katika Kongo ya Wabelgiji, madaktari, masista na makampuni waliona wamama Wakongomani wananyonyesha miaka miwili, mitatu, na katika sehemu nyingi mume na mke walikuwa wanajitenga muda huo. Wakoloni walihitaji wafanyakazi, kwa hiyo waliona hesabu mbaya: watoto wanapishana mno. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika juu ya jambo hili mwaka 1988. Zile huduma za "tone la maziwa", zilizoanzishwa Ufaransa na daktari Léon Dufour mwaka 1894 kwa ajili ya watoto wa maskini wa Fécamp, zilipofika Kongo zilipewa kazi ya ziada: kupima watoto, kugawa maziwa, na kumvuta mama aachishe mapema ili azae tena. Mama aliyefanya kama nyanya yake alionekana mjinga.

Miaka ikapita. Lwiro, upande wa kusini wa ziwa letu hilihili, Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo kikubwa cha utafiti tangu 1947. Huko, katika miaka ya 1970, Delvoye, Robyn na wenzao walipima damu ya wamama wa Kivu wanaonyonyesha. Mwaka 1977 walitangaza matokeo: mama anayenyonyesha zaidi ya mara sita kwa siku, homoni ya maziwa inabaki juu zaidi ya mwaka mzima. Homoni hiyohiyo ndiyo inayochelewesha mimba nyingine. Kumbe nyanya zetu hawakuwa wajinga. Walikuwa na mfumo unaoendeshwa na mdomo wa mtoto: akinyonya mara nyingi, maziwa yanakuja na mimba inangoja.

Ukielewa hilo, utaelewa juu ya nini tetini si kitu cha kuchezea katika wiki za kwanza. Kila dakika mtoto anaponyonya mpira ni dakika ambayo titi halipati habari zake. Usafi wake ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni saa ngapi inakaa mdomoni.

Wengine walipiga kelele mapema. Cicely Williams, daktari aliyeupa ugonjwa wa kwashiorkor jina lake katika vitabu vya kitabibu, alihutubia klabu ya Rotary ya Singapore mwaka 1939, na hotuba yake aliipa kichwa kinachosema maziwa na mauaji kwa pamoja. Hakuficha: aliyewauzia watoto maziwa ya kopo mahali pasipo maji safi, kwake alikuwa na kesi ya kujibu. Jirani zetu Kampala, Derrick Jelliffe aliyekuwa profesa wa watoto Makerere aliona wodini yaleyale, utapiamlo unaoletwa na biashara. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza likatoa kijitabu cha Mike Muller juu ya maziwa ya kopo, mwaka 1977 Marekani ukaanza mgomo dhidi ya Nestlé, na tarehe 21 Mei 1981 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya kudhibiti matangazo ya maziwa ya kopo, chupa na chuchu zake. Nchi 118 zilikubali, moja ilikataa: Marekani.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua kumi kwa hospitali za uzazi, na ya tisa ilikata moja kwa moja: mtoto anayenyonya asipewe chuchu bandia wala tetini. Mwaka 2018 hatua hiyo iliandikwa upya. Sasa inasema mama apewe ushauri juu ya matumizi na hatari zake. Kutoka amri mpaka maongezi, miaka 29. Mimi naona ni maendeleo, kwa sababu amri ilimfanya mama aifiche tetini akifika kliniki, na kitu kinachofichwa kwenye mfuko wa kitenge hakichemshwi.

Sasa turudi Bweremana. Tuko kando ya ziwa, kati ya Sake na Minova, kwenye barabara ambayo kila vita inaipitia. Kipindupindu kinaijua mashariki ya Kongo tangu miaka ya 1970, na Julai 1994 kilionyesha nguvu zake: wakimbizi kati ya laki 5 na laki 8 kutoka Rwanda waliingia Goma na kandokando kwa siku chache, maji ya karibu yalikuwa ya ziwa, na ndani ya mwezi mmoja karibu watu 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mwanzoni mwa 2024 vita vilipokaribia Sake, barabara ilikatwa na familia zilizohama zikajaa tena upande wetu. Mtoto wa mhamaji ndiye analia zaidi, na mama yake ndiye aliye na makala kidogo zaidi. Tetini inanunuliwa wakati kama huo.

Bon, tufanye hesabu ya kweli. Kuchemsha tetini mara tano kwa siku juu ya mbabula ni makala ya chakula cha watoto wengine. Hakuna mama atakayefanya hivyo, na kumfokea ni kurudia mambo ya wakoloni. Inawezekana hivi: tetini mbili au tatu, si moja. Zioshwe kwa sabuni, ziwekwe kwenye sufuria ndogo moto ukishawaka kwa ajili ya kitu kingine, maji yazifunike yote, yachemke kwa nguvu, halafu zibaki humohumo na kifuniko juu mpaka zitakapohitajika. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Usiogope, kipindupindu hakivumilii hapo. Zikishapoa, mwenye kuzitoa anawe mikono kwanza, la sivyo kazi yote ni bure. Ziingie kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Ikianguka chini, inawekwa pembeni kungoja moto wa jioni, mtoto anapewa nyingine. Ikiwa hakuna nyingine, titi liko, na halichemshwi.

Kuna wanaolamba tetini iliyoanguka kisha wanamrudishia mtoto. Msomi mmoja atawaletea utafiti wa Uswidi wa 2013, watoto 184, ulioonyesha kwamba waliolambiwa tetini na wazazi walipata mzio kidogo zaidi. Ni kweli ulitangazwa. Ila sakafu ya Uswidi si udongo wa kambi baada ya mvua, na mate ya mzazi yanabeba pia vijidudu vinavyooza meno. Asali na sukari ndiyo kabisa: asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu mbaya tumboni mwa mtoto chini ya mwaka mmoja.

Na kamba. Sheria ya Marekani ya 1977 ilikataza tetini kuuzwa na kamba, kwa sababu watoto walinyongwa nayo shingoni. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyodai matundu kwenye ngao. Ukiyaona usidhani ni urembo, ni njia ya hewa kama ngao ikiingia mdomoni. Ukifika sokoni kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, tafuta yale matundu, vuta chuchu kwa nguvu uone kama inaachana na ngao, na uiangalie kwenye mwanga. Mpira uliokaa sana juani unapasuka mistari midogo. Hiyo muachie muuzaji.